Jongoo wa Bamburi

Wageni wanaoingia Haller Park siku hizi, pale Bamburi kando ya barabara ya Mombasa kwenda Malindi, huwa na hamu kwanza ya twiga. Wanafunzi hushuka kwenye mabasi na vitafunio vyao, walimu wanawahesabu mara mbili mbili, na kabla jua halijapanda sana wote wako jukwaani wanawalisha twiga kwa viganja vyao. Halafu huuliza habari za Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa baharini kule Malindi baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaletwa hapa na kumganda kobe mkubwa aitwaye Mzee. Hadithi tamu, nami huisimulia wajukuu wakinibana. Lakini bado sijamsikia mtoto, wala mwalimu, akiuliza miguu yake imekanyaga nini. Mimi nilifanya kazi hapo wakati hapakuwa na jani, na ninachotaka kukiweka kwenye maandishi kabla umri haujanipokonya ni habari za hicho kinachokanyagwa.

Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954. Saruji hupikwa kwa mawe ya chokaa, na chokaa ya Pwani yetu ni matumbawe ya kale, miamba iliyoota chini ya bahari zama ambazo maji yalikuwa juu kuliko yalivyo sasa. Ukitaka jiwe hilo huna budi kuondoa kwanza kila kilicho juu yake: kichaka, mizizi, na ule udongo mwembamba ambao wazee wetu walikuwa wakiuotesha mihogo. Kisha baruti, kisha magari makubwa, kisha tanuri. Walichimba hadi wakakaribia maji ya chini ya ardhi, ikabaki kama nusu mita hivi kuyafikia, na maji yenyewe yana chumvichumvi. Wakifika hapo wanasogea mbele na kuanza upya. Nyuma yao lilibaki timbo.

Sisi watu wa Kisauni tulikuwa tukiliita hivyo tu, timbo, na mtoto aliyechelewa kurudi nyumbani alitishiwa nalo. Lilikuwa shimo pana kama uwanja, kuta zake zimesimama wima, sakafu yake nyeupe. Ule weupe ndio unaonirudia kila nikikaa peke yangu. Saa sita za mchana jua lilikupiga kutoka juu na jiwe likakupiga kutoka chini, ukawa unatembea umefumba jicho moja. Wenye kujua walijifunga kitambaa kilicholowa maji kichwani na kuvaa akala za tairi, maana kandambili zililainika. Upepo wa kusi ukivuma ulileta vumbi la jiwe lililoingia puani na kwenye sufuria ya wali. Hapakuwa na ndege. Mtu huyazoea mengi, lakini mahali pasipo na ndege hapazoeleki.

Niliandikwa kibarua mwaka 1971, kijana ambaye hajafika ishirini, ndevu za kubahatisha. Wakati huo ukitaka kwenda mjini ulivuka lile daraja la kuelea la Nyali, likitikisika chini ya magari. Hili la sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Wenzangu wengi walitaka kazi za bandarini. Mimi nilichukua iliyokuwa karibu na nyumbani, na nilipoambiwa ni ya kupanda miti timboni nilidhani nimesikia vibaya.

Aliyekuwa anaiongoza kazi hiyo ni René Haller, Mswisi, mtaalamu wa kilimo cha nchi za joto, aliyekuja Bamburi mwaka 1959. Kwetu alikuwa Bwana Haller. Mitaani walimsema vingine. Walisema kuna mzungu amechoka na akili, anapanda mawe, na sisi ndio tunaomshikia ndoo. Kwenye matanga mtu aliweza kunigeukia na kuniuliza kwa sauti mawe yameanza kuchipua lini, watu wote wakacheka, nami nikacheka nao kwa kuwa sikuwa na jibu.

Kazi ya mwanzo ilikuwa mashimo. Sakafu ile haikubali jembe. Tulitumia mtaimbo, watu wawili wawili kwa zamu, na jiwe likipigwa lilitoa mlio mkavu uliokuingia mpaka kwenye meno. Shimo likishafika kimo cha mkono tulilitia udongo kiasi, mche ukaingia, maji yakafuata. Tulijaribu aina 26 za miti. Iliyokuwa mizuri zaidi kitaluni ndiyo iliyokufa mapema: wiki ya kwanza majani yananing'inia, ya pili yamekunjamana, ya tatu unang'oa kijiti. Nilikuwa na jirani kazini, mzee wa Kigiriama aliyekuwa mgema kabla hajaletwa na shida timboni, ambaye kila mche ukikauka aliuchomoa na kuunusa mzizi.

"Mwanangu," aliniambia siku moja, "huu haukufa kwa kiu. Umekosa cha kushika."

Baada ya nusu mwaka zilikuwa zimebaki aina tatu. Mnazi, ambao yule mzee aliutetea kama mtu wa ukoo wake, ulikuwa hai lakini umekaa umanjano, hauendi mbele wala nyuma. Damasi, mti unaotoka upande wa Somalia, ulistahimili. Wa tatu ulikuwa mvinje, na huo haukustahimili tu, ulipenda. Kila mtu wa Pwani anaujua mvinje, mti wa ufukweni unaovuma hata upepo ukiwa mdogo, wenye vile vijiti vya kijani vyembamba ambavyo watu huviita majani. Chumvi haiusumbui. Mizizi yake huingia kwenye ufa wa jiwe ambao wewe huuoni. Iliyoshika vizuri ilikuwa ikipanda kama mita mbili kwa mwaka, hata ikawa tukirudi safu ya mwaka uliotangulia tunaitazama kwa kuinua shingo.

Kitaluni tulikuwa na desturi ambayo mwanzoni niliiona kama uganga. Udongo wa kujazia mifuko ya nailoni ulichanganywa na kiganja cha udongo uliochotwa chini ya mivinje mikubwa ya zamani. Miche iliyokosa kiganja hicho ilidumaa. Baadaye nilielezwa kwamba mizizi ya mvinje hufanya vifundo, na ndani ya vifundo hivyo huishi bakteria wanaovuta naitrojeni kutoka hewani na kuulisha mti. Mti unaoota palipo na udongo mzuri hauhitaji sana wageni hao. Wetu uliota juu ya jiwe, kwa hiyo mbolea yake ilibidi itoke hewani. Mzee wa Kigiriama aliposikia maelezo hayo alisema tu, "Basi tumewapelekea wenzao," akaendelea kujaza mifuko.

Sasa ndipo linapokuja jambo ambalo vitabu vidogo vya watalii hulipitia kwa sentensi moja, na mimi naona ndilo lenyewe.

Mivinje ilikua, kivuli kikaja, tukafurahi. Mvinje hauna msimu wa kupukutisha. Hudondosha vile vijiti vyake mwaka mzima, kidogo kidogo, usiku na mchana. Vikajaa chini. Vikawa zulia la rangi ya kahawia, jepesi, linalonesa ukilikanyaga. Na vikakaa vile vile. Mvua ya masika ikavinyeshea, jua la kaskazi likavikausha, mwaka ukapita, ukichota kiganja unaona vijiti vizima kama vilivyoanguka jana. Havikuoza. Vina tanini nyingi, dawa ile ile ambayo watu wa Pwani wameitoa kwenye magome ya mikoko tangu zamani kwa kutengenezea ngozi, na kinachoifanya ngozi isioze ndicho kilichofanya na vijiti hivi visioze. Chini ya zulia jiwe lilikuwa jeupe kama siku ya kwanza. Hakuna mbegu iliyoota. Tulikuwa na miti, lakini hatukuwa na ardhi, na miti isiyo na ardhi haizai msitu. Ukiikata leo, kesho una timbo lako.

Kati yetu vibarua palikuwa na kambi ya kufagia. Tumelelewa na mama zetu kwamba uwanja usiofagiliwa kwa chelewa ni aibu ya mwenye nyumba, na wengine walisema zulia lile litawaka moto siku moja, hoja ambayo haikuwa ya kijinga. Amri ikawa tusifagie. Tuliitii bila kuielewa.

Sijui hasa ni nani aliyemwona jongoo wa kwanza. Ninachojua ni kwamba Bwana Haller alikuwa na tabia ya kuchuchumaa. Wakubwa wengi niliowahi kufanya kazi chini yao walikagua kwa kusimama, mikono kiunoni. Yeye alikagua akiwa chini, na yaliyomsaidia yote aliyaona akiwa katika hali hiyo. Aliona jongoo anatafuna kijiti cha mvinje. Siyo jani laini, siyo tunda lililooza. Kijiti kile kile tulichokidhania hakuna kiumbe anayekitaka. Na nyuma ya jongoo kulikuwa na kinyesi chake, tembe ndogo nyeusi.

Mvua zilipoanza tulitumwa kuokota jongoo.

Hapa niseme kidogo juu ya huyu mnyama, maana watu humjua kwa kumkimbia. Jongoo wetu wa Pwani ni mkubwa, urefu wake kama kiganja cha mtu mzima pamoja na vidole, mweusi wa kung'aa, na miguu yake ni myekundu. Kiangazi humwoni. Mvua ya kwanza ikinyesha hutoka vichakani kwa mamia, huvuka njia, hupanda kuta, huingia mpaka chooni. Ukimgusa hujiviringisha, na ukimbana hutoa maji yenye harufu kali ambayo huacha doa la kahawia kwenye ngozi. Doa hilo halitoki kwa sabuni. Husubiri ngozi yenyewe ibadilike. Tuliokota kwa ndoo na kwa magunia, vichakani na mashambani, vidole vikawa vya kahawia mpaka kwenye kucha. Mama aliyekuwa akituuzia mahamri alikataa kupokea senti mkononi mwetu, akatuwekea sahani. Na mjini, wapi! Kila Mswahili anajua mzaha wa jongoo asiyepanda mtungi, na vijana tuliokuwa hatujaoa tulitaniwa kwa huo mpaka tukakosa pa kuuweka uso. Kutoka kupanda mawe tumefikia kufuga jongoo, na bado tunataka mke!

Tuliwamwaga chini ya mivinje. Walijiviringua, wakatulia, wakaanza kula.

Nilikuwa nikipumzika huko mchana badala ya kwenda kwenye kibanda, kwa kuwa palikuwa na baridi kidogo, na siku isiyo na upepo, magari yakiwa yamenyamaza kwa saa ya chakula, uliweza kuwasikia. Mkwaruzo mdogo, wa pande zote. Jongoo hana haraka. Hukishika kijiti mwisho mmoja na kukimaliza mpaka mwisho wa pili, hupumzika, huchukua kingine. Ndani ya tumbo lake na kwenye kinyesi chake kuna bakteria wanaoendeleza kazi ambayo yeye ameianza, na tanini iliyoishinda mvua huvunjika hapo. Walizaana. Misimu iliyofuata hatukuhitaji kuwaleta wengi, walikuwa wenyeji.

Kisha siku moja mzee wa Kigiriama aliniita. Alikuwa amepiga magoti chini ya mvinje mmoja wa safu za mwanzo, anafunua kwa vidole kama mtu anayefunua kurasa. Juu vijiti vipya. Chini yake vijiti vilivyovunjwavunjwa. Chini yake kitu cheusi, kilicholowa, kinachoshikamana ukikibana, chenye harufu ya shamba baada ya mvua. Unene wake haukuzidi kidole kilicholazwa. Na chini yake jiwe, bado jeupe. Alichota kidogo akakiweka mdomoni, akakitemea pembeni, akaniambia, "Huu ni udongo, mwanangu. Umetengenezwa hapa hapa. Haukuletwa na lori." Nimehudhuria sherehe kadhaa tangu wakati huo, zenye mahema na wageni wa heshima, na sikumbuki hotuba yoyote. Hayo nayakumbuka neno kwa neno.

Yaliyofuata yalikwenda upesi, au labda umri ndio unaoyafupisha. Majani yakaota kwenye kivuli, yale ya kawaida tu, ya kulisha mbuzi. Ndege wakaja, wakala matunda huko nje na kutuachia mbegu. Miti ya asili ya Pwani ikaanza kupandwa katikati ya mivinje, kama mvule, ambao mwaka 1971 usingeishi hapo wiki mbili. Mivinje mingine ikakatwa kuipisha, na boriti zake hazikukosa mnunuzi. Mabwawa ya samaki yakachimbwa, perege wakafugwa. Mamba wakaja, viboko yatima wakaja, na mwaka 1984 njia za kutembelea zikafunguliwa kwa watu wote. Mwaka 1987 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa likamtia Haller kwenye orodha yake ya heshima ya Global 500. Bustani ikaja kuitwa kwa jina lake, na ni haki yake. Wale waliokuwa wakiniuliza mawe yanachipua lini walianza kuniuliza kama naweza kuwaingiza bure.

Sina kinyongo na ubao wa langoni wenye jina moja. Bila yule mtu aliyechuchumaa tungekuwa tunaendelea kufagia. Lakini namna hadithi inavyosimuliwa siku hizi inaniudhi kwa jambo moja: inasimuliwa kama hadithi ya kupanda. Eti mtu alipanda miti jangwani na jangwa likawa msitu. Sivyo nilivyoona. Kupanda kulichukua sehemu ndogo ya kazi, na miti yenyewe ingebaki kuwa boriti zilizosimama juu ya jiwe. Kilicholigeuza timbo ni takataka za mvinje, mdudu wa kuzila, na watu waliolipwa mshahara mwezi baada ya mwezi, mwaka baada ya mwaka, kuhakikisha hakuna anayeiingilia kazi hiyo. Hilo la mwisho ndilo gumu kupatikana. Fedha za kupanda hupatikana kila mahali. Fedha za kungoja hazina mfadhili.

Nayasema haya kwa sababu. Serikali ya Kenya ilitangaza Desemba 2022 kwamba nchi itapanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya mapumziko ili kila mtu akapande. Nilifurahi, nikatoka. Vijana walikuja na miche kwenye pikapu, wakapiga picha, wakapanda haraka haraka kwa kuwa mvua ilikuwa inatisha. Kisha, kwa nia njema kabisa, wakafagia. Walikusanya majani yote makavu yaliyokuwa yamejiwekea pale, wakayarundika kando, wakayatia kiberiti, ili mahali paonekane pasafi. Nilimwendea kiongozi wao nikamwambia, "Mwanangu, hayo mnayoyachoma ndiyo chakula cha hiyo miche." Alinijibu kwa adabu, "Ndiyo, babu," akaongeza moto.

Kuanzia Mtwapa hadi Kilifi kuna matimbo mengine mengi leo, madogo madogo, ya kukata mawe ya kujengea. Hayana kampuni kubwa nyuma yake. Mengi yameachwa wazi, yanafuga mbu na kumeza mbuzi. Wakulima wa upande wa Kilifi na Gede wameujua mvinje siku nyingi na wanauza boriti zake, kwa hiyo mche si tatizo wala soko si tatizo. Kwa hiyo nawaomba wenye mashamba, walimu, na vikundi vya akina mama vinavyotafuta la kufanya na shimo lililo nyuma ya kijiji: pandeni mwanzoni mwa masika, si siku ya sherehe. Kwenye kila mfuko wa mche tieni kiganja cha udongo wa chini ya mvinje mzee. Kinachoanguka kiacheni kilipoanguka. Na mvua ya kwanza ikinyesha, wapeni watoto ndoo wakaokote jongoo vichakani, wawamwage chini ya miti. Jongoo hauzwi, na mikono itakayochafuka itasafika baada ya wiki chache. Mkitaka mtu wa kuwaonyesha ni jongoo yupi, vibarua wa zamani tungali tupo Kisauni na Kiembeni, na wengi wetu hatuna shughuli asubuhi.